Tungule na Gugu la Hiliki

Wakulima wa Misri na Sudan wana gugu waliitalo haluk. Msomaji wa Mwambao hahitaji mkalimani: neno hilo latoka katika shina lile lile la Kiarabu lililotupa sisi hiliki na kuhiliki. Gugu hili halina ukijani wala majani ya kulitengenezea chakula. Huishi kwa kunyonya mizizi ya mimea mingine, na mtungule, au mnyanya kama waandikavyo wengi, ni miongoni mwa mimea linayoipenda mno.

Mbegu zake ni ndogo mfano wa vumbi, na mmea mmoja waweza kumwaga makumi ya maelfu. Hulala udongoni hata zaidi ya miaka kumi zikingoja wito. Mzizi wa mnyanya, ukosapo fosfeti, hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni ili kuwaita kuvu wema wanaousaidia kupata virutubisho. Gugu nalo husikia wito huo huo. Mbegu huamka, hutoa kijizizi, kikajigandisha kwa mwenyeji na kuanza kumnyonya. Mkulima aonapo maua ya zambarau juu ya ardhi, hasara kubwa imekwisha kutendeka chini, na kung'oa hakumfai sana.

Ndipo uchaguzi wa mbegu unapokuwa na uzito. Aina nyingi za nyanya ziuzwazo ni mawindo mepesi. Tena ustahimilivu usichanganywe na ukinzani: mnyanya mstahimilivu huzaa huku ukililisha gugu, nalo gugu humwaga mbegu za miaka mingi ijayo. Kwa maoni yangu hiyo ni biashara mbovu, ijapokuwa kapu la msimu huu limejaa.

Ukinzani wa kweli ulikuja kwa njia ya ajabu. Mwaka 2010 watafiti nchini Israel walieleza habari za mnyanya SL-ORT1, uliotokana na mbegu zilizopigwa nyutroni. Mnyanya huo haupigani na gugu; umenyamaza tu. Hautoi strigolaktoni kama wenzake, na mbegu za haluk huendelea kulala kando ya mizizi yake. Mwaka 2019 ilitangazwa kazi nyingine iliyofika huko kwa kuhariri jeni moja, CCD8.

Lakini ukimya una gharama. Strigolaktoni ndizo pia ziuzuiazo mmea kutoa matawi kupita kiasi, na kuvu wema nao hawaitwi tena. Mnyanya hubaki mfupi, wenye matawi tele. Mzalishaji wa mbegu ana kazi ya kuunyamazisha mzizi bila ya kuudhoofisha mti.

Hapa kwetu, wakulima wa Nyanza wasumbuliwao na kayongo katika mahindi na mtama wanapambana na binamu wa haluk, aamkaye kwa wito wa kemikali za jamii hiyo hiyo. Huko kwenye nyanya, wakulima wa nchi za joto huloweka shamba, wakalifunika kwa plastiki angavu wiki nne hadi sita, jua likazipika mbegu za gugu udongoni kabla ya kupanda.