Fahamu: Merikebu ya angani iliyokusudiwa kuja kwetu

Yafaa wasomaji wa Njombe na Makambako wafahamu kwamba tarehe 21 Novemba 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, walipokuwa wamedhikika kwa uhaba wa risasi na dawa, serikali ya Ujerumani iliirusha kutoka Jamboli, Bulgaria, merikebu ya angani L59, yenye shehena ya tani 15 hivi, ambayo, kwa kuwa huku haikuwapo gesi ya kuijaza upya, iliazimiwa ivunjwe na kitambaa chake kishonwe mahema. Ilipofika upande wa Khartoum ikaamriwa kurudi, hata ikatimiza kilomita 6,757 kwa saa 95.

Oktoba 1918 Lettow-Vorbeck alipita Ubena, ndiyo Njombe, kwa miguu, akamwacha hapo mwenzake, Jenerali Wahle, aliyekuwa mgonjwa. Na mizigo, ambayo hakuna chombo cha angani kilichoipunguza, ilibebwa na wapagazi Waafrika, ambao dhiki yao naiona ni kubwa kuliko ajabu yote ya L59.