Moto ya barabara ya Mangurejipa: nguvu iongezwe wapi?

Mchimbaji akiuza gramu zake Butembo, mara nyingi makuta yanaenda pembeni mbili: mabati ya nyumba, ama moto. Moto njo inaingiza kitu kila juma wakati shimo limejaa maji. Anaipa kijana wa ukoo ama wa jirani, wanapatana versema, kazi inaanza. Kiisha miezi michache kijana anarudi na maneno ambayo familia nyingi za hapa kwetu zinayajua: "Papa, hii moto haina nguvu. Inakataa kupanda na mzigo. Wenzangu wameweka pistoni kubwa, tuweke na sisi."

Ni mwenye moto ndiye atatoa dola za kununua pistoni hiyo, na mara nyingi yeye hajawahi kufungua injini. Kwa hiyo tunaandika kwa ajili yake, na kwa mama anayebaki na moto wakati mzee iko kwenye karieri. Maoni yetu tunayasema tangu hapa: pistoni kubwa ni kitu cha mwisho kujaribu. Nguvu inayohitajika kwenye barabara zetu, sehemu yake kubwa inapatikana kwa bei ndogo sana, kwenye meno ya shene.

Kwanza tuelewane ni nguvu gani tunatafuta. Kutoka Butembo mpaka Mangurejipa ni kama kilomita 100. Moto inabeba dereva, abiria wawili, gunia la mchele, bidoni ya mazuti, siku nyingine motopompe nzima imefungwa nyuma kwa kamba za mpira. Kwenye matope, moto ile inatembea vitesi ya kwanza na ya pili karibu njia yote. Hakuna anayetafuta kukimbia kilomita 100 kwa saa pale. Tunatafuta kusukuma wakati injini inazunguka polepole. Hata Marekani, wenye zile Harley-Davidson kubwa za safari ndefu wanaulizana swali hilo hilo kabla ya kununua kitu: nataka nguvu ya chini, ya kuondoka na mzigo, ama ya juu, ya kukimbia? Vitu vinavyoleta ya juu mara nyingi vinapunguza ya chini. Kijana akisikia moto inalia vizuri na tupu kwenye lami ya mjini, anafikiri ameongeza nguvu. Siku ya kupanda kilima na magunia njo anagundua.

Pili, milima yetu yenyewe inakula nguvu. Butembo inapita mita 1700 juu ya bahari, Beni iko kama mita 1100. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini ya karibiratere inapoteza karibu 10 kwa mia ya nguvu kila ukipanda mita 1000. Ndiyo kusema moto iliyopimwa nguvu yake kiwandani, usawa wa bahari, ikifika Butembo imekwisha kupoteza 15 kwa mia na zaidi mbele hata ya kubeba mtu. Dereva anayelalamika hasemi uongo.

Lakini mbele ya kununua chochote, angalieni kama injini ni nzima. Moto nyingi zinazoitwa "dhaifu" ni wagonjwa tu. Supapu zilizobana, ambreyaje inayoteleza, filtiri iliyojaa vumbi, breki ya nyuma inayokamata gurudumu, segma zilizokwisha. Fundi wa kweli anapima mgandamizo wa silenda mbele ya kutaja bei ya pistoni. Akitaja bei bila kupima, ondokeni.

Sasa meno ya shene. Mbele kuna pinyo ndogo, nyuma kuna kuroni kubwa. Tuseme pinyo ina meno 14 na kuroni ina 42: injini inazungusha pinyo mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukiondoa pinyo ya 14 na kuweka ya 13, hesabu inakuwa 3 na sehemu 23 za mia. Nguvu ya kusukuma kwenye gurudumu imepanda karibu 8 kwa mia, na hujafungua hata buloni moja ya injini. Ukiongeza na kuroni ya 45 nyuma, inafika karibu 15 kwa mia. Ni kama kile tulichoacha kwenye hewa ya Butembo, kimerudishwa na vyuma viwili.

Bei yake? Moto haitakimbia sana tena: kwa mabadiliko yote mawili, mwendo wa juu unapungua karibu 13 kwa mia kwa mizunguko ile ile ya injini. Kwa anayepiga kazi ya Butembo na Beni, zile kilomita 54, hiyo inaweza kumuudhi, na injini itapiga kelele zaidi na kunywa kidogo zaidi kwenye sehemu tambarare. Huyo abadilishe pinyo peke yake, ama aache kabisa. Kwa wa Mangurejipa hakuna kilichopotea, juu hana mahali pa kukimbilia. Tena kuna faida ambayo wamotari wenyewe wanaisahau: kwenye mteremko, injini inashika moto vizuri zaidi, na breki zetu za ngoma zinapumzika. Kitu kimoja cha kuangalia: shene, pinyo na kuroni zinabadilishwa pamoja. Pinyo mpya kwenye shene iliyovutika inakwisha haraka, na meno madogo ya mbele yanaichosha shene zaidi.

Tuje kwa karibiratere. Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu hapa njo pistoni nyingi zinakufa.

Ndani yake kuna jigleri, kile kipande kidogo cha shaba chenye kitobo kinachopitisha esanse. Juu kwenye hewa nyepesi, esanse inayopita ni nyingi kuliko hewa: bujii inakuwa nyeusi kama makaa, moto inakohoa, inakunywa sana. Fundi wa Butembo akiweka jigleri ndogo kidogo, moto inaamka. Kazi nzuri, na bei ndogo. Shida ni kwamba moto hiyo haibaki Butembo. Inashuka msituni upande wa Bapere, ama inashuka Beni na kuendelea mpaka bonde la Semuliki kwenye njia ya Kasindi. Kule chini hewa ni nzito. Jigleri iliyotosha mlimani sasa inatoa esanse kidogo mno, injini inachomeka na moto mkali, na inachomeka hivyo wakati imebeba, iko vitesi ya kwanza, matope yamejaa kati ya mapezi ya silenda na upepo haupiti. Pistoni inavimba, inakamata. Dereva atasema "pistoni ilikuwa feki." Inawezekana. Lakini angalieni bujii: ikiwa nyeupe kama chokaa, jibu liko kwenye jigleri. Rangi inayotakiwa ni ya kahawa ya maziwa, na ipimwe kule chini, baada ya kupanda na mzigo. Kwa moto inayoshuka na kupanda kila juma, bora jigleri iwe kubwa kidogo na Butembo ikunywe zaidi, kuliko kuokoa nusu lita mlimani na kupoteza silenda msituni.

Kuna wale wanaoondoa filtiri ya hewa kabisa "ili ipumue." Kwa hao tuna neno fupi. Wakati wa jua, vumbi la barabara zetu likiingia kwenye silenda linafanya kazi ya karatasi ya msasa. Nguvu wanayopata ni ya majuma machache, kiisha segma zinakwisha na mafuta yanaanza kutoka moshi wa buluu. Na bomba la moshi lililokatwa linaongeza kelele. Kwenye moto ndogo za kazi linaondoa hata nguvu ya chini ambayo tunaitafuta, na dereva hasikii tena kinachokuja nyuma yake.

Tufike basi kwenye pistoni. Chukueni TVS HLX 125, ambayo iko kila kona ya Butembo. Pistoni yake ina upana wa milimita 57, inapanda na kushuka milimita 48,8. Inatoa santimita kubu 124,5. Fundi akitoboa silenda na kuweka pistoni ya 62, ujazo unafika karibu 147. Kwa hesabu ni 18 kwa mia zaidi, na siku za kwanza dereva atafurahi kweli, hatukatai. Lakini kichwa cha injini, kile kulasi, hakikubadilika. Hewa nyingi zaidi inabanwa kwenye nafasi ile ile. Injini iliyokuwa inabana 9 kwa 1 sasa inabana karibu 10 na nusu kwa 1, na hiyo inadai esanse safi. Esanse ya Kadhafi wa njiani, iliyolala juani kwenye chupa, siku nyingine imechanganywa na petroli ya taa, haiwezi. Inalipuka mbele ya wakati wake; unasikia ndani kitu kama misumari kwenye kopo. Kile kinapiga juu ya pistoni na kwenye vilbreke, ambayo kiwanda kiliitengeneza kwa ajili ya 125. Silenda nayo imebaki na ukuta mwembamba, joto linaongezeka, na mapezi ya kupoza ni yale yale.

Na angalieni kiwanda chenyewe kilifanya nini. TVS walipotengeneza HLX 150, pistoni ilibaki milimita 57 ileile. Walichorefusha ni mwendo wake, kutoka 48,8 kufika 57,8. Boxer 150 ya Bajaj vilevile ina pistoni nyembamba, milimita 56, na mwendo mrefu wa 58,8. Hao ni watu wa India wanaojua moto ya kubeba mzigo. Wamepata ujazo kwa kurefusha, na wakatengeneza vilbreke na kulasi za kufaa. Hilo fundi wa njiani hawezi kulifanya kwa kubadilisha pistoni peke yake. Ndiyo maana, mwenye 125 anayeona kweli haimtoshi kwa kazi ya karieri, tunamshauri aiuze ikiwa bado nzima, aongeze makuta yale ya pistoni, ya kutoboa na ya matengenezo yatakayofuata, atafute 150 ya kiwanda. Hiyo 125 itapata mnunuzi wa kazi ya mjini bila shida. Ikiwa imekwisha kutobolewa, bei yake inashuka, maana wanunuzi siku hizi wanauliza.

Pengine kuna msomaji anasema tunaogopa sana, pistoni ni chuma tu, ikikamata inabadilishwa. Mjini, ndiyo. Lakini tunazungumza njia ambazo usiku hazimsamehi mtu. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya état de siège, na waasi wa ADF wameua watu kwenye njia za Beni, na hata huko Bapere ambako watu walikuwa wakikimbilia. Moto iliyokamata saa kumi jioni katikati ya msitu inaacha watu watatu barabarani. Wachimbaji wanajua mambo haya kuliko sisi. Kwa hiyo tukihesabu nguvu ya moto, tunahesabu na hiyo: inayopanda polepole na kufika mchana inashinda inayopanda haraka mara nane na kulala njiani mara ya tisa.

Sasa kama mtu amekwisha kuamua, ama pistoni ya zamani imekufa na lazima mpya iingie, basi aweke ya kipimo cha kiwanda ama ile ya kutoboa kidogo tu, nusu milimita, ambayo kiwanda kinaikubali. Kiisha aiache ijizoeze. Kilomita 500 za kwanza bila mzigo mzito na bila kufungua gesi yote, mafuta ya injini yamwagwe na kubadilishwa mbele ya kuanza kazi ya kweli. Hapa mwenye moto naye awe mkweli: ukidai versema nzima katika juma lile, wewe mwenyewe umemtuma kijana aue pistoni. Sameheni nusu yake. Injini hizi zinabeba mafuta ya lita moja na kitu kidogo tu, na kwenye matope lita hiyo inachoka upesi kuliko kwenye lami, kwa hiyo msingoje kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha moto.

Na mpime, msisadiki masikio. Chagueni kilima kimoja kinachojulikana kwenye njia ya kutoka mjini, mzigo mmoja, dereva mmoja. Mbele ya kubadilisha kitu, angalieni moto inapanda vitesi ya ngapi na inafikia wapi kabla ya kuomba kushushwa. Fungeni chupa ya lita moja iliyopimwa mahali pa tangi, mwangalie inawapeleka kilomita ngapi. Badilisheni kitu kimoja tu, pinyo kwa mfano, mrudie kilima kile kile na chupa ile ile. Dereva aandike kwenye daftari la versema, pembeni ya makuta, tarehe na kilomita, na mwenye moto atie sahihi.