Mwaka wa kwanza chuoni Bukavu: kikundi gani cha kuingia, na kipi cha kukimbia?

Kila mwaka masomo yakifunguliwa Bukavu, mbao za matangazo kwenye vyuo, zile wanafunzi wanaita "valve", zinajaa karatasi moja juu ya ingine. Korali inatafuta sauti. Timu ya fakilite inatafuta golikipa. Kikundi cha debati kinaita watu siku ya posho. Wanafunzi wa Shabunda wanaitana, wa Idjwi vilevile. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, yule wakubwa wanamuita "bleu", anasimama pale na hajui aanzie wapi. Nyumbani nako wazazi wamekwisha kusema: tumelipa minervali ju ya masomo, si ju ya michezo.

Wazazi wana haki ya kuogopa, lakini hawana haki yote. Kikundi cha chuo kinaweza kumsaidia kijana asipotee, na kingine kinaweza kumpoteza. Makala hii inaeleza vikundi gani viko, kila kimoja kinaleta nini, na maswali gani mwanafunzi anapashwa kuuliza mbele ya kutoa franga yake au wakati wake.

Mji wenye vyuo vingi

Bukavu ni mji wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Kikatoliki, UCB, kilianza mwaka 1989. UEA, chuo cha Waprotestanti kule Panzi, kilianza 1991. UOB, chuo cha serkali kwenye kilima cha Karhale, kilianza 1993 sawa tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani, na wakati huo watu walikiita CUB. Kuna tena ISP, ISDR, ISTM, ISC na vyuo vingine vya binafsi.

Vijana wanaofika humo wanatoka kila pembe ya Kivu ya Kusini: Fizi, Idjwi, Kabare, Kalehe, Mwenga, Shabunda, Uvira na Walungu. Wengine ni mara yao ya kwanza kuishi mbali na wazazi. Kwenye sekondari mwalimu alijua jina la kila mutoto, na mutoto asipofika siku mbili nyumbani wanaulizwa. Chuoni, oditwari ya mwaka wa kwanza inaweza kuwa na mamia ya watu. Mwanafunzi akikosa juma nzima, hakuna anayemuuliza.

Njo maana faida ya kwanza ya kikundi ni habari. Profesa amebadilisha saa, silabusi imetoka, interro imesogezwa mbele: mwenye rafiki anajua jioni ile ile, asiye na rafiki anajua kesho yake akikuta mlango umefungwa. Bleu wengi hawaanguki ju ya kukosa akili. Wanaanguka ju walikuwa peke yao.

CP na komite: si kikundi, lakini ni pa kuanzia

Mbele ya kutafuta klabu, mwanafunzi ajue kwanza watu wanaomsimamia. Kila promosio ina shefu wake, CP, pamoja na msaidizi wake. CP njo daraja kati ya wanafunzi na maprofesa: anapokea matangazo, anapeleka malalamiko, mara nyingi anasimamia pia silabusi. Juu ya ma-CP kuna komite ya wanafunzi, yenye msemaji wake mbele ya wakubwa wa chuo.

Bleu anapashwa kuwajua hawa katika juma la kwanza, awe na namba ya CP, aingie kwenye grupu ya WhatsApp ya promosio. Na siku ya kuchagua CP ikifika, asikae nyuma akicheka. Mtu atakayeshika franga za silabusi za promosio nzima hachaguliwi ju anavaa vizuri.

Vikundi gani viko

Vikundi vya masomo. Humu kuna debati, klabu ya Kiingereza, makundi ya kusoma pamoja, na kwa wanafunzi wa sheria mashindano ya kutetea kesi za mfano. Kwa bleu hivi njo vyenye faida ya haraka. Wengi wanafika wakiandika Kifaransa vizuri kidogo, lakini kusimama na kukisema mbele ya watu ni shida, na mitihani ya mdomo inakuja. Debati inamzoesha kutetemeka mbele ya wenzake kuliko kutetemeka mbele ya profesa. Kiingereza nacho kimepata uzito mpya: tangu mwaka 2022 Congo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mtu akivuka tu Ruzizi anakuta kazi nyingi zinaomba luga hiyo.

Vikundi vya dini. Kuna vikundi vya sala vya Wakatoliki, vikundi vya Biblia vya Waprotestanti, korali, na vijana Waislamu wana makutano yao. Mara nyingi hivi njo vinampokea mgeni mapema kuliko vingine, na mgonjwa anatembelewa. Hatari yake ni moja: kikundi chenye maombi ya usiku kila juma, kile kinachosema kwamba Mungu atamfaulisha mtu asiyefungua silabusi.

Michezo na sanaa. Mashindano ya mpira kati ya fakilite, basketi, tamthilia, dansi, mashairi. Fakilite ikishinda, hata wale wasiojuana wanakumbatiana, na bleu anarudi nyumbani akiwa na majina kumi mapya ya marafiki.

Mutualité. Hii ni umoja wa wanafunzi wa territoire moja au kijiji kimoja. Kazi yake inaonekana siku ya msiba na ya ugonjwa, na pia mwanzoni kabisa, wakati kijana wa kutoka Fizi anatafuta chumba cha kupanga na hajui Kadutu na Bagira zinatofautiana nini. Lakini Kivu inajua vizuri nini kinafuata wakati watu wanaanza kuhesabiana kabila. Mwenye kuingia mutualité ya kwao ni vizuri aingie pia kikundi kimoja kilichochanganya watu wa kila upande. Akimaliza chuo akijua watu wa kwao tu, ni sawa hakutoka kwao.

Kazi ya kujitolea. Msalaba Mwekundu, maskauti, vikundi vya usafi na vya mazingira. Humo mtu anajifunza huduma ya kwanza, kuandika ripoti, kusimamia mkutano. Siku ya kuomba kazi, mambo haya yanaandikwa kwenye CV chini ya diploma, na kwa kijana asiye na uzoefu yanahesabika.

Hesabu ya saa

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya Congo vinaanzisha bleu katika mpango wa LMD. Licence ni miaka mitatu, na kila mwaka una kredi 60, ni kusema 30 kwa semestre. Kredi moja inahesabiwa saa 25, pamoja na zile za kusikiliza profesa na zile za kujisomea. Zidisha: mwaka mmoja ni saa 1500 za kazi.

Tukizigawa kwa majuma 30, inatoka saa 50 kwa juma. Juma lina saa 168. Toa usingizi wa saa 56, toa masomo saa 50, zinabaki 62. Ndani ya hizo kuna kuchota maji, kupika, kufua, kanisa, na kupanda vilima kwa miguu kutoka Panzi mpaka Karhale ju franga ya moto haiko. Msichana anayeishi kwa shangazi yake mara nyingi ana kazi ya nyumba kuliko kaka yake, na saa zake zinapungua tena.

Kwa hiyo hesabu yenyewe inasema: kikundi kimoja au viwili, saa nne mpaka sita kwa juma, basi. Bleu anayejiandikisha fasi tano kwa furaha ya mwanzo, mwezi wa tatu hafiki hata moja. Na wakati wa mitihani, kikundi chenye akili kinasimamisha chenyewe mikutano yake. Kile kinachokasirikia mtu aliyebaki nyumbani kusoma kimejionyesha.

Franga za mchango

Karibu kila kikundi kinaomba mchango, na hilo si baya. Ubaya unaanza wakati hakuna anayejua franga ziko wapi. Mwanafunzi aulize mambo matatu: mchango ni kiasi gani kwa mwaka mzima, nani anashika kasha, na ripoti inasomwa siku gani. Akilipa, apate karatasi au ujumbe wa kuthibitisha. Tisheti, kadi na safari ya matembezi visimshitue: mwenye hana, aseme hana. Franga ya minervali haiguswi kamwe ju ya tisheti, hata kwa kusema "nitairudisha kesho".

"Bleusaille" na wale wanaotumia ukubwa vibaya

Desturi ya kuwapokea bleu kwa michezo na nyimbo ni ya zamani vyuoni Congo. Kucheka kidogo hakuui mtu. Lakini kupiga, kunyanganya simu, kumvua mtu nguo au kumlazimisha kunywa pombe si desturi, ni kosa la sheria, na jina la "yaya" wa chuo halilifuti.

Kwa wasichana kuna hatari ingine: mkubwa anayeahidi silabusi, pointi au nafasi kwenye komite, kisha anadai mwili. Sheria ya Congo ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji na jeuri ya kingono inaazibu pia usumbufu wa kingono, hata kama anayeufanya ni profesa au mwanafunzi mwenzake. Mwenye kupatwa na jambo hilo aweke ujumbe aliotumiwa, asiufute, na amwambie mtu anayemwamini siku ile ile: mzazi, yaya wa nyumbani, mwanasheria, au mkubwa wa chuo asiyehusika.

Historia inaonyesha nguvu ya vikundi

Wazazi wanaoogopa siasa chuoni hawaogopi bure. Muungano wa wanafunzi wa Congo, UGEC, ulizaliwa mwaka 1961. Mwaka 1968 utawala wa Mobutu uliufunga, na ikabaki JMPR, vijana wa chama kimoja. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa juu ya maisha yao magumu, na askari wakawapiga risasi. Mwaka 1971 vyuo vyote vilichanganywa kuwa kimoja, UNAZA. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa na kuuawa kwenye kampasi ya Lubumbashi.

Jirani nako kuna mfano. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1967, wanafunzi wachache walianzisha kikundi cha kusoma na kubishana juu ya Afrika, kwa jina USARF. Kiongozi wake alikuwa Yoweri Museveni, ambaye baadaye alikuwa rais wa Uganda. Kikundi kilitoa gazeti lake, Cheche, na mwaka 1970 vyote viwili vilipigwa marufuku.

Katiba ya Congo ya mwaka 2006, kwenye kipengele cha 37, inahakikisha uhuru wa kuunda mashirika. Lakini haki iliyo kwenye karatasi na hali iliyo barabarani hazitembei pamoja kila siku. Tangu Februari 2025, wakati AFC/M23 waliingia Bukavu, benki zilifunga, familia zingine zilikatika na watoto wao, na watu wanapima maneno mbele ya kusema. Katika hali hiyo mwanafunzi ajue vizuri kikundi chake kinafanya nini na kwa jina la nani. Mkutano wenye ruhusa ya chuo, mchana, ndani ya kampasi, si sawa na mkutano wa usiku kwenye nyumba isiyojulikana. Saini isiwekwe kwenye liste ambayo haikusomwa, na picha za mikutano zisitupwe ovyo kwenye mitandao.

Maswali matano mbele ya kuingia

Kikundi kinajulikana na chuo, au ni cha mtu mmoja? Wakubwa wake wanafaulu masomo, au wanarudilia mwaka kila mwaka? Mchango ni kiasi gani, na unaonekana wapi? Mkutano unaisha saa ngapi, na nani anarudi njia moja na mimi? Nikitaka kutoka, nitatoka kwa amani?

Jibu likikosa kwa swali moja, mwanafunzi angoje. Likikosa kwa mawili, atafute kwingine. Hakuna deni la kuingia kikundi katika mwezi wa kwanza: anaweza kwenda mara mbili kutazama tu, akae nyuma, asikilize ginsi watu wanasemezana, hasa ginsi wanasemezana na wasichana na wale wasiojua Kifaransa vizuri.

Kwa upande wa wazazi, kumkataza mutoto kila kitu kunamfundisha kuficha. Kuna swali lenye faida kuliko hilo: "Juma hii mulifanya nini kule kwenye kikundi chenu?" Mwenye kikundi kizuri atajibu bila kufikiri, na atataja majina ya wenzake. Mwenye kikundi kibaya atabadilisha maneno, na hapo mzazi atakuwa amejua mapema, mbele ya mitihani.