Dawa Zinazoizuia Saratani ya Matiti Isizaane

Akina mama wengi wakigundua uvimbe katika titi huuficha, wakiamini kwamba saratani haina dawa. Mpendwa msomaji, hiyo si kweli. Hebu tuzitazame dawa za aina moja tu.

Mwili umejengwa kwa chembe hai. Chembe moja hugawanyika zikawa mbili, ndiyo maana mtoto hukua na kidonda hupona. Kazi hiyo husimamiwa na vimeng'enya. Viwili kati yake, CDK4 na CDK6, ni kama mabawabu: wasipofungua mlango, chembe haigawanyiki. Katika saratani nyingi za matiti zinazostawishwa na homoni, mlango huo hauachwi ufungwe.

Siri hii ilianza kufichuka mbali na wodi za wagonjwa. Mwaka 1982, Tim Hunt wa Uingereza alichunguza mayai ya mnyama wa baharini mwenye miiba, yule achomaye miguu ya wavuvi. Humo akagundua protini inayoamsha vimeng'enya vya ukoo huu. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Nurse na Leland Hartwell.

Dawa ya kwanza ya kuwazuia mabawabu hao, palbosiklibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2015. Ribosiklibu na abemasiklibu zilifuata mwaka 2017. Ni vidonge, na humezwa pamoja na dawa za homoni. Katika utafiti mmoja wa wanawake ambao saratani ilikuwa imeenea mwilini, nusu ya waliopewa ribosiklibu waliishi zaidi ya miezi 63. Kwa waliotumia dawa ya homoni peke yake, nusu waliishi zaidi ya miezi 51. Mwaka mzima wa kuwa na watoto si kitu kidogo!

Kumbuka mambo matatu. Kwanza, hazifai kila saratani. Muulize daktari kama kinyama kilichokatwa kimepimwa homoni. Pili, hupunguza chembe nyeupe za damu. Damu ipimwe, na homa isipuuzwe. Tatu, palbosiklibu na ribosiklibu humezwa siku 21, kisha hupumzishwa siku 7. Mapumziko hayo si dalili ya kupona.

Dawa hizi ni ghali, nazo haziwezi kuing'oa kabisa saratani iliyokwisha kuenea. Kwa hiyo dada, ukigusa uvimbe leo, usingoje mwezi ujao. Mwambie umwaminiye, mwende hospitali pamoja.