Kwa nini miaka yetu huhesabiwa kwa Hijra?

Ndugu Waislamu, kila Mfunguo Nne unapoandama, yaani Muharram, wengi wetu huupokea mwaka mpya bila ya kujiuliza: kwa nini hesabu ya miaka yetu haikuanzia siku aliyozaliwa Mtume Muhammad (Rehema na amani zimshukie)?

Waarabu walikuwa na miezi kumi na miwili, lakini miaka yao haikuwa na namba. Waliitambua kwa matukio, kama ule Mwaka wa Tembo. Dola ya Kiislamu ilipopanuka, mtindo huo ukaleta taabu. Imepokewa kwamba Abu Musa al-Ash'ari alimlalamikia Khalifa Umar bin Khattab (Radhi za Allah ziwe juu yake) kuwa barua zake humfikia bila ya tarehe. Imepokewa pia kuwa Umar aliletewa hati ya deni la kulipwa mwezi wa Shaaban, naye akauliza ni Shaaban ipi: iliyopita, waliyo nayo, au ijayo? Haki ya mtu ikawa imening'inia kwenye neno moja.

Ndipo Umar alipowakusanya Masahaba kushauriana. Wako waliotaja kuzaliwa kwa Mtume, wengine kupewa kwake Utume, na wengine kufariki kwake. Rai iliyokubaliwa ni Hijra ya mwaka 622, nayo hunasibishwa na Ali bin Abi Talib. Mtume aliwasili Madina katika Mfunguo Sita, lakini mwaka ukaanzishwa Muharram, mahujaji wanaporejea makwao.

Tuzingatie hekima iliyomo. Kuzaliwa ni neema asiyoichuma mja. Hijra ni tendo lililogharimu. Suhaib ar-Rumi aliwaachia Maquraishi mali yake yote ili wamwachie njia ya kwenda Madina. Miaka yetu basi inahesabiwa kwa yale watu waliyoyatoa, wala si kwa siku waliyozaliwa.

Kalenda hii si pambo la ukutani. Eda ya mfiwa, miezi minne na siku kumi, hufuata mwezi mwandamo. Zaka nayo ni vivyo hivyo. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, pungufu ya ule wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Mfanyabiashara atoaye zaka kila tarehe 31 Desemba, ikitimia miaka 33 ya jua, miaka 34 ya mwezi imekwisha kupita. Zaka ya mwaka mzima imebaki mkononi mwake, nayo ni haki ya masikini. Ndiyo maana wako wanazuoni wa zama zetu waliosema kwamba anayefunga hesabu zake kwa mwaka wa jua atoe asilimia 2.577 badala ya 2.5.

Tunamnasihi kila mwenye mali aijue tarehe ya Kiislamu ambayo mali yake ilifikia kiwango cha zaka, aiandike daftarini, na aifuate. Wengi tunazikumbuka siku tulizozaliwa. Hii ndiyo tarehe tutakayoulizwa.

Wabillahi tawfiq.