Je, Wajua? Mchanga wa Ufukweni Hula Nguvu za Miguu

Ukikimbia mchangani unatumia nguvu mara 1.6 ya zile ambazo ungetumia kwa kasi ileile kwenye ardhi ngumu. Ndivyo walivyopima Lejeune na wenzake, watafiti wa Ubelgiji, mwaka 1998. Kwa vijana wa Kashikishi, wilayani Nchelenge, Zambia, mchanga huo ni kifaa cha mazoezi kisichouzwa dukani: ufuko wa Ziwa Mweru uko hapo hapo.

Kwenye uwanja mgumu, kano ya kisigino hunyumbuka mguu unapotua, hutunza nguvu, kisha huirudisha mguu unapoinuka. Mchangani unyayo unadidimia na kuteleza. Nguvu inaishia kwenye mchanga, na misuli inalazimika kuizalisha upya kila hatua.

Hata hivyo, miguu yenye nguvu si lazima iwe miepesi. Makocha wengi wanapenda ile ngazi ya kamba inayotandazwa chini. Hapa waweza kuichora kwa kijiti, visanduku vya sentimita 40 hivi. Inapasha mwili moto na kufundisha mdundo wa hatua, basi. Mchezaji anajua tangu mwanzo mguu utatua wapi. Sheppard na Young, mwaka 2006, walieleza wepesi kuwa ni mwili mzima kubadili kasi au mwelekeo haraka kwa kuitikia jambo fulani. Beki wa kweli hatangazi anakokwenda.

Kwa maoni yangu, watoto wa Tanzania wanaocheza rede wanafanya zoezi bora kuliko ngazi: aliye kati anasoma bega la mrushaji, kisha anakwepa mpira. Bondia naye hufanya hivyo hivyo ulingoni. Barbra Banda, nahodha wa timu ya soka ya wanawake ya Zambia aliyefunga mabao matatu katika kila moja ya mechi mbili mfululizo za Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, aliwahi kuwa bondia.

Jaribuni hivi. Wawili wasimame wakitazamana, mita tatu kati yao. Mmoja anyooshe mkono kushoto au kulia bila kuonya. Mwenzake akimbilie huko. Anayekwenda kushoto ashushe nyonga, akanyage kwa mguu wa kulia nje ya usawa wa nyonga, goti limekunjwa, ndipo ajisukume. Goti likilalia ndani, simamisheni na kurekebisha, maana mkao huo ndio unaohatarisha kano za goti. Sekunde sita zinatosha, kisha pumzikeni hadi pumzi irudi; miguu iliyochoka hujifunza uzito.

Mchanga mkavu unafaa kwa kujenga nguvu. Kona kali zifanyieni kwenye mchanga uliolowa, ulioshikana, au uwanjani penyewe, kwa kuwa mechi haichezwi kwenye mchanga mkavu. Na kabla ya kuvua viatu, kagueni ufuko vizuri: ni wa wavuvi, na ndoano iliyofukiwa haionekani.