Soko Likijengwa Upya, Mama wa Mbaazi Atakaa Wapi?

Mara nyingi tusikiapo kwamba Serikali imetoa fedha za kutengeneza soko, stendi au maduka ya mjini, sisi wa mashambani husema, "Hayo ni mambo ya wenye maduka." Maneno hayo si ya kweli, tena yatuletea hasara. Yafaa tuyachunguze kwa utulivu.

Kwanza tuulize: fedha hiyo yatoka wapi? Haishuki kutoka mbinguni kama mana. Ununuapo sabuni au saruji, ndani ya bei yake mna kodi. Mama alipapo ushuru sokoni, naye ameweka sehemu yake. Na pengine fedha hiyo ni mkopo. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 255 kwa mpango wa kuimarisha halmashauri za miji 18 ya Tanzania, na Babati yetu ilikuwa mmojawapo. Mkopo wa namna hiyo hulipwa na taifa zima, na watoto wetu walioko shule ya msingi wamo katika hesabu.

Pili: je, ni haki fedha ya wote itengeneze mahali pa biashara ya wachache? Ni haki, iwapo faida yawarudia wote. Mkulima wa Mutuka aweza kuvuna mahindi na mbaazi nzuri. Lakini soko likiwa na matope, bila paa wala choo, mali yake yalowa, wanunuzi wakimbia, naye auza kwa bei ya kutupa kabla jua halijazama. Soko zuri laongeza thamani ya jasho lake. Lakini vyumba vikigawiwa kwa kujuana, au mtu mmoja akitwaa vitano na kuwapangisha wenziwe kwa kodi kubwa kuliko anayolipa yeye, hapo fedha ya maskini imemtajirisha tajiri. Huo ni wizi, hata kama una karatasi yenye muhuri.

Tutazame Kariakoo, Dar es Salaam. Soko lile kubwa, lililochorwa na Mtanzania Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Serikali ikatoa zaidi ya shilingi bilioni 28 za kulijenga upya. Mwaka 2024, yalipotangazwa majina ya wafanyabiashara watakaorudi, wengine walilalamika kwamba majina yao hayamo. Basi twajifunza nini? Kusimamisha kuta ni kazi ya fundi. Kuamua nani arudi ndani ni kazi ya haki, nayo ndiyo ngumu zaidi. Na anayesahauliwa upesi ni yule asiyekuwa na chumba: mama aliyetandika gunia chini, hana mkataba, jina lake halikuandikwa popote.

Kwa hiyo yatupasa kufanya mambo matatu.

La kwanza, tunza stakabadhi. Kila ulipapo ushuru, dai karatasi yako na uiweke mahali pakavu. Siku ya kuandika majina, karatasi hiyo itakusemea.

La pili, hudhuria mkutano wa kijiji au mtaa, tena ufungue kinywa. Uliza kwa adabu: fedha ni kiasi gani? Wauzaji watahamia wapi wakati wa ujenzi? Nani watarudi, na kwa ushuru gani? Hata mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi. Waweza kwenda kusikiliza.

La tatu, ungana na wenzako. Sheria yaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikaanza tena mwaka 2024. Kikundi cha akina mama chenye daftari safi chaweza kuomba mtaji wa kuingilia katika soko jipya. Lakini kumbukeni, mkopo si sadaka. Usiporudishwa, kikundi kingine kitakosa.

Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba watawala wawaangalie maskini kwa namna ya pekee, kwa kuwa tajiri ana ngome yake mwenyewe, bali maskini hana. Fundisho hilo lahusu hata meza ya sokoni. Wazazi, lizungumzeni jambo hili nyumbani baada ya sala ya jioni, na vijana wenye kujua kusoma wawasomee wazee matangazo ya halmashauri. Mali ya umma isiyo na mwenye kuiuliza hupata upesi mwenye kuila.